Garasa: Neno Lililotoka Mkekani Likaingia Uwanjani

Ndugu mwenyekiti, walimu wa mafunzo haya, nanyi wanangu mnaoanza kushika kalamu na kipaza sauti. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao sijawafikia kwa hizo tatu, habari za asubuhi.

Mmenipangia nizungumzie lugha ya michezo. Somo hilo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimechagua neno moja tu, na neno lenyewe ni tusi. Garasa. Wasikilizaji wa vipindi vya michezo vya asubuhi, hasa dirisha la usajili likiwa wazi, hawamalizi chai kabla hawajalisikia. "Wametuletea garasa." "Yule mgeni garasa tupu." "Safari hii magarasa yote yaondoke." Wengine wanatamka galasa, na mitandaoni ndivyo linavyoandikwa mara nyingi. Kamusi zinaliandika kwa R. Msigombane kwa hilo, R na L zimeshatugombanisha vya kutosha nchi hii.

Nimelichagua kwa sababu nina lalamiko. Neno hili tumelichukua kwa wacheza karata, tukakimbia nalo kabla hawajamaliza kutueleza maana yake. Wao wanajua mambo kuhusu garasa ambayo sisi wa uwanjani hatuyajui, na mtu anayeyajua hawezi kulirusha ovyo kama tunavyolirusha sisi.

Niseme kwanza kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumsema mtu asiyejua kazi. Tuna bwege, zoba, zuzu, fala, kilaza, mbumbumbu, boya, lofa, kimeo, na kila kijiwe kina la kwake lililozaliwa wiki iliyopita. Hayafanani. Boya limetoka baharini, ni kile kieleacho kinachofungwa kwa mnyororo kuonyesha njia ya meli: kipo, kinaonekana, kinayumba na kila wimbi, hakiendi popote. Kwa hiyo boya ni mtu anayepelekwapelekwa, anayeingizwa mjini akiwa macho. Kilaza ni mtu wa darasani, somo halimwingii. Lofa ni Kiingereza kilichovaa kanzu, maana yake ni mzururaji asiye na kazi. Neno hilo lilikuwa la wazee, vijana wengi walikuwa hawalijui, mpaka tarehe 23 Agosti 2015 pale viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, Chama cha Mapinduzi kilipozindua kampeni zake. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alisimama akawaambia wale waliokuwa wakisema wanataka kuikomboa nchi kwamba ni malofa na wapumbavu. Kesho yake hapakuwa na daladala ambayo lofa halikupanda. Neno lililokuwa limestaafu likarudishwa kazini kwa siku moja.

Kimeo nalo ni la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalochanganywa na garasa. Simu inayojizima yenyewe ni kimeo. Gari linalolala gereji kuliko nyumbani ni kimeo. Kimeo kina ubovu ndani yake, ukikifungua utauona. Sasa, garasa halina ubovu wowote. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, na karata nilizijua kabla sijaijua jometri. Kwa wasiowahi kukaa kwenye mkeka wa karata, niwapeleke mara moja. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, mwenzako anakaa mkabala nawe na waliobaki ni wapinzani. Pakiti ya dukani ina karata 52. Kabla ya kuchanga, mmoja anazipitia zote kwa dole gumba na kuzing'oa nane zote, tisa zote na kumi zote. Hizo 12 zinawekwa pembeni, mara nyingi ndani ya boksi lake, au chini ya kikombe cha kahawa zisipeperuke. Zinabaki 40, kila mtu anapata 10. Mchezo wenyewe unaitwa wahed wa sitini, yaani 61 kwa Kiarabu, na jina hilo ndilo sheria yote: pointi zilizomo katika pakiti ni 120, nusu yake ni 60, upande utakaofikisha 61 umeshinda. Zikigawanyika 60 kwa 60 hakuna aliyeshinda, na hapo ndipo utasikia matusi mengine ambayo hayamo katika hotuba yangu.

Pointi 120 zinatoka wapi? Kila aina ya karata ina 30. Ree, yaani ile yenye alama moja tu, ina 11. Seti, yaani saba, ina 10. Halafu wanakuja wenye picha, ambao sisi wa pwani tunawaita wazungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Watoto hudhani hizo ni nafasi zao za kukaa. La, ni hesabu zao. Mfalme ana 4, kijana ana 3, malkia ana 2. Jumlisheni: 11, 10, 4, 3, 2. Thelathini kamili. Karata nyingine zote, kuanzia sita kushuka hadi mbili, hazina kitu. Ukila mbili, yaani ukiishinda na kuichukua, umekula hewa. Ukila sita, umekula hewa vilevile.

Hizo zisizo na kitu ndizo magarasa. Wapo wanaolitumia jina hilo kwa zile nane, tisa na kumi zilizotupwa mapema, wapo wanaowaingiza humo na hawa wa mbili hadi sita waliobaki mkononi. Kote kote maana ni moja: karata isiyo na hesabu.

Mlioketi mbele mnatikisa vichwa, mnajiuliza kwa nini kumi itupwe wakati saba inabaki na kuwa tajiri namna ile. Swali zuri, na jibu lake limepita Ureno. Angalieni majina yenyewe. Karata ni neno la Kireno. Turufu, yaani aina inayozila nyingine zote, ni la Kireno. Kopa, uru, pao, shupaza, majina ya zile aina nne za karata, yote manne ni ya Kireno. Seti ni saba yao. Ree ni mfalme wao, ingawa sisi tumempa jina hilo yule mwenye alama moja tu, na mfalme mwenyewe mwenye taji na ndevu tukambakiza na jina la mzungu wa nne. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na ngome ikawatoka mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, kasha, mvinyo, na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa. Na mkekani wametuachia nusu ya msamiati.

Kule kwao iko jamii ya michezo inayoitwa bisca na sueca, na hesabu zake ni hizi hizi zetu, mpaka saba kumshinda mfalme, mpaka kijana kumzidi malkia. Karata za kale za Wareno na Wahispania hazikuwa na kumi kabisa. Baada ya tisa zilikuja picha. Na kwa michezo mingi walitoa pia nane na tisa, pakiti ikabaki na karata 40. Malkia naye hakuwemo. Katika karata zile za Kireno mwenye sura ya kike alikuwa mtumishi, wa chini kati ya wote watatu wenye picha. Karata za Kifaransa za leo, hizi za 52, zilipoingia zikiwa na malkia wao mwenye taji, mchezo haukumtambua. Ukamkalisha kwenye kiti cha mtumishi na kumpa pointi 2. Kumi nayo ilikuja na karata hizo ikakuta hakuna kiti kabisa.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo kidogo kabla hatujaingia uwanjani. Kumi haikufanya kosa. Imechapwa kwenye karatasi ile ile, kwa wino ule ule, haina mkunjo wala doa. Katika poka kumi ni karata ya heshima. Hapa imekuwa garasa kwa sababu mchezo huu ulipangwa kabla yake, na watu wengine, kwa pakiti nyingine.

Sasa nipite kwenye mkono wenyewe, maana utamu uko huko. Turufu haizaliwi turufu. Inapatikana kwa kufunua karata wakati wa kugawa: ikifunuliwa kopa, basi mchezo huo kopa ndiyo inatawala, mchezo unaofuata itafunuliwa pao, na kopa itarudi kuwa raia. Tuseme turufu ni kopa. Mpinzani aliyenitangulia anatupa ree ya shupaza, karata ya pointi 11, anaitupa kwa kishindo ili majirani wasikie. Mimi shupaza sina hata moja. Nina mbili ya kopa, karata ndogo kuliko zote katika pakiti. Naiweka taratibu, bila kishindo. Mbili imeikula ree. Mpinzani wa pili ana shupaza kwa hiyo lazima afuate, anatoa tano. Mwenzangu naye lazima afuate, lakini ameshaona nani anakula, basi ananipakia seti ya shupaza. Pointi 21 zimehamia kwetu, na aliyezileta ni garasa.

Mkeka mzima unaijua hiyo. Hakuna mzee wa karata atakayekuambia garasa la turufu ni bure. Watu huitunza ile mbili mpaka mwisho wa mchezo, wameibana katikati ya karata nyingine, na usoni hawaonyeshi dalili.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ndani zaidi, kwa hiyo wasiocheza wanivumilie. Mtoto anayejifunza karata huomba agawiwe ree na seti tupu. Akipata mkono wa namna hiyo huchekelea mpaka wapinzani wanajua. Kumbe ameumia. Kwa sababu wapinzani watakapoanza kula kwa turufu, yeye ana wajibu wa kutoa karata kila zamu, na kila anachotoa kina pointi. Anawalisha. Hana kitu cha bei rahisi cha kutupa. Wakati huo ndipo mtu anapolitamani garasa, walau tatu ya pao, atupe, wapinzani wale hewa. Katika zile karata 40, zenye pointi ni 20 na magarasa ni 20. Nusu kwa nusu. Mchezo ungejaa ree tupu usingechezeka.

Hivyo ndivyo garasa lilivyo kwao. Sasa limetokaje pale mpaka kuwa jina la beki wa kati?

Njia yake naidhania mimi hivi, na ushahidi wangu ni misemo yenyewe. Iko namna ya kucheza ambapo karata hazigawanywi zote. Zinabaki rundo katikati, na kila mtu anachota moja moja. Wakubwa wetu walikuwa wakigusa ulimi kwa dole gumba ndipo karata iachie nyenzake, na kitendo hicho kikaitwa kulamba. Umelamba nini? Nimelamba dume. Dume ni karata yenye nguvu, ya kula. Au uso unasinyaa: nimelamba garasa. Misemo yote miwili imetoka mkekani ikaenda mjini ikiwa na afya. Aliyeshinda tenda amelamba dume. Aliyenunua kiwanja akakuta kina wenyewe watatu, amelamba garasa. Aliyeoa, aliyeolewa, aliyeajiri dereva, aliyeagiza simu, wote wanaweza kulamba kimojawapo.

Angalieni msemo huo unamsema nani. Unamsema aliyelamba. "Nimelamba garasa" ni maneno ya mtu anayelalamikia bahati yake, na karata yenyewe haitukanwi. Ndani yake mna hata ucheshi wa kujicheka, kwa sababu rundo lilikuwa limefunikwa, hakuna aliyeona, kesho utalamba tena. Kisha watu wakaanza kukata nusu ya kwanza ya msemo. Mlambaji akaondolewa. Kikabaki garasa, na garasa likasimamishwa likapewa jezi. Viongozi waliomleta mchezaji kwa ndege, wakampiga picha na skafu shingoni, wakatuambia kwamba amewahi kuichezea timu ya taifa ya kwao, hao hawamo tena katika sentensi. Aliyemlamba hayupo. Kwa ufundi wa namna hiyo, neno la kumcheka mwenye mkono likageuka la kumzomea mtu aliyechotwa.

Na ninyi mnaonisikiliza mnalo jukumu lenu katika hilo, maana ni sisi wa magazeti na redio tuliofanya kazi ya kukata. Lugha ya karata tunaipenda sana. Kocha anachanga karata zake. Kiungo ni turufu ya timu. Mgombea wa uongozi ameficha karata dume. Sina ugomvi na hayo, yanapendeza na msomaji anaelewa. Lakini kocha tunampa kazi ya kuchanga, mchezaji mzuri tunampa turufu, na kiongozi wa usajili hatumpi kitendo chochote. Msomaji mkongwe wa karata akisoma kurasa zetu atauliza: huyo garasa, nani kalilamba?

Nina kidonda kingine, cha sarufi, na walimu wa Kiswahili waliomo humu wataniunga mkono. Garasa kama karata liko katika ngeli ya LI-YA: garasa hili, magarasa haya. Likimtaja mtu, Kiswahili kinataka upatanisho wa viumbe hai, kama tunavyosema bwege huyu, mabwege hawa wamefika. Hakuna anayesema bwege hili limefika isipokuwa amekusudia kumshusha mtu kuwa kitu. Sasa sikilizeni vipindi vyenu: "magarasa yameondoka", "garasa lile limekosa penalti". Siyo kwamba mtangazaji hajui ngeli, anaijua sana. Ametumia ngeli kumtoa mtu katika watu. Mtu amekosa penalti, sawa, na ni haki kusema amekosa, na ni haki kusema amekosa vibaya. Lakini tusi la kwanza ni neno, la pili ni kile kiambishi cha LI, na la pili linauma zaidi kwa sababu linapita kimya. Mimi nilipokuwa nahariri kurasa za michezo nilikuwa nafuta LI naweka A, na mwandishi akija juu namwambia akaniletee mfano wa Mswahili aliyesema "dada lile limekuja" kwa heshima.

Mtaniambia: mzee, unatetea wachezaji wabovu. Hapana. Wapo wachezaji wabovu, nimewaona, baadhi yao nimewalipia kiingilio. Ninachosema ni kwamba garasa halimaanishi mbovu. Linamaanisha asiye na hesabu katika mchezo huu, kwa sheria hizi, na turufu hii. Na hilo ni jambo linaloweza kuchunguzwa.

Chukueni Mbwana Samatta, kwa kuwa wote mnamjua na hakuna atakayeniambia nimemvunjia heshima. Msimu wa 2018/19 alikuwa na Genk, wakawa mabingwa wa Ubelgiji, na mwaka 2019 akatwaa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya kule. Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walifungwa 2 kwa 1. Katika ligi goli likabaki lile moja. Ilipofika Septemba mwaka huo huo alikuwa ameshahamia Fenerbahçe. Kwenye mitandao ya Waingereza, na nasikitika kusema kwenye baadhi ya vijiwe vyetu pia, majina aliyopewa mnayajua.

Ni mtu yule yule. Miguu ile ile, kichwa kile kile kilichofunga Wembley. Genk walikuwa wanacheza mpira wa kumfikia mshambuliaji ndani ya boksi. Winga wanakimbia, krosi zinakuja, anajua zitaangukia wapi. Villa walikuwa wanapigana wasishuke daraja, walimchukua katikati ya msimu baada ya straika wao kuumia, na muda mwingi timu nzima ilikuwa inalinda goli lake. Katikati ya hayo ligi ikasimama miezi mitatu kwa korona. Karata ile ile, turufu imebadilika. Mwandishi anayetaka kazi yake iheshimiwe ataeleza mabadiliko hayo. Anayetaka kupendwa na kijiwe ataandika garasa na kwenda kunywa chai.

Ligi yetu imejaa mifano ya namna hiyo, na siwataji kwa sababu wengine bado wanatafuta timu. Winga aliyeachwa na klabu kubwa msimu mmoja, msimu unaofuata akiwa na timu ya mkoani akarudi kuifunga klabu ile ile. Mashabiki wanasema "alikuwa anatubania". Hakubania. Huku alikuwa sita ya shupaza, na kule wamefunua shupaza kuwa turufu.

Kwa hiyo mnapokwenda kuripoti, mniandikie yafuatayo badala ya garasa. Alicheza dakika ngapi, katika nafasi gani, na je, ndiyo nafasi yake. Nani alimpendekeza: kocha, kamati, au wakala. Kocha aliyemwomba bado yupo? Mara nyingi hayupo. Kocha kafukuzwa Oktoba, mchezaji amebaki mkononi mwa kocha mwingine ambaye angependa karata nyingine kabisa. Hiyo habari ina nyama. Ukiiandika, msomaji ataona mwenyewe ni nani aliyelamba na alilamba wakati gani, na huenda kiongozi akakupigia simu kukutisha, jambo ambalo katika kazi yetu ni dalili njema.

Na shabiki je? Shabiki mwacheni. Mtu aliyelipa nauli, akalipa kiingilio, akakaa juani dakika 90, timu yake ikafungwa goli la dakika ya 88 kwa sababu beki ameteleza, ana haki ya kupiga kelele "garasa!" mpaka sauti imkauke. Jukwaa ni kama mkeka, matusi yake yanakwisha watu wakinyanyuka. Tatizo ni sisi tunaoyaokota pale na kuyaandika kwa wino, yakamkuta mama yake mchezaji siku ya tatu akifungia maandazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona na mkono mmoja nyuma kule, umeinuka tangu nilipomtaja Samatta. Nashukuru kwa kunisikiliza, na mwenye mkono ule apewe kipaza sauti kwanza.